Aliyeshuka Meli Isiyofika

Nyie chekeni tu. Mwanangu Saida naye alicheka, na sasa hataki nilitaje jambo hili mbele ya mtoto. Lakini mie nilikuwepo, na akili zangu zote, na magharibi nilikuwa nishaiswali. Na haikuwa kwetu Mombasa, ambako mtu akitaja jini mnasema ah, kawaida. Ni hapa hapa Doha, kwenye mataa na viyoyozi. Jambo lilitokea, na aliyelileta ni mie, kwa mdomo huu mnaouona.

Mie sikusoma. Saida ni nesi, kanileta nimlelee kitoto chake hapo Najma. Kipaji nilichopewa ni kimoja, kuiga watu. Nikikusikia leo, kesho ninaye wewe mdomoni. Saida nampata: "Mama usibonyeze hicho, mama huo si mlango, hiyo ni friji." Askari wa jengo letu, Mganda, nampata: "Nyabo, apana kaa apa, nyabo, kamera naona mimi." Watu wanacheka, nami nikichekewa sijui kuacha.

Nina shoga yangu, Mgiriama wa Kaloleni, Mama Kadzo. Anapika kwenye nyumba ya Waarabu kule Wakrah. Tulijuana dukani Najma, tukigombania pakiti moja ya unga wa sima, ya mwisho. Nilishinda mie, halafu nikamkaribisha kuila. Kadzo ni bintiye wa pekee. Alimwacha mdogo, na sare ya shule, akaja huku kumtafutia karo. Kadzo naye akakua, akapata kazi kwenye meli ya watalii, zile ndefu kama mtaa mzima, anatandika vitanda vya wageni. Hawajaonana tena. Sasa msimu huu wa baridi meli ya Kadzo ikapangiwa kuzunguka Ghuba, Dubai, Bahrain, Doha. Mmefahamu? Mtoto anapitishwa mlangoni pa mamake.

Basi sikilizeni kosa langu lilipoanzia. Mama Kadzo ana kisimu cha kubonyeza, mulika mwizi, kwa sababu madamu wake hataki simu ya kamera ndani ya nyumba. Kadzo kule baharini hana njia ila ya mtandao. Kwa hivyo maneno yake akiyarekodi ananitumia mie. Mama mtu ananipigia jioni: "Shoga, mwanangu kasemaje?" Ningeweza kumwambia kasema hajambo, tukamaliza. Lakini mie huyo. Nikajifanya Kadzo. "Mayo, nishazoea sasa, jamani, bahari hainitikisi tena." Mayo ndiyo mama kwa Kigiriama. Hilo neno "jamani" Kadzo hana, nilitia mie, niliona linampendeza. Halafu jino langu hili la mbele lilishakwenda zake, kwa hivyo nikisema neno "sasa" linatoka na mluzi. Mama Kadzo anacheka huko kwenye simu. Kisha, "Ee, endelea."

Nami nikaendelea. Mambo ya Kadzo yakiisha natunga yangu, mara meneja Mfilipino kanuna, mara bibi wa Kizungu kamkumbatia. Ijumaa akija kwangu nataka nimfungulie sauti zenyewe asikie, ananiambia zina makelele ya mashine. "Hebu sema wewe, shoga. Wewe nakusikia vizuri." Mtu akikwambia hivyo si unaogopa? Mie nilifurahi.

Safari ya kwanza meli ilikuwa ije, ratiba ikabadilishwa. Doha ikatolewa, sababu hatukuambiwa. Safari ya pili Mama Kadzo akaomba ruhusa mapema, maana meli huja katikati ya wiki na mapumziko yake ni Ijumaa. Madamu: "La, la. Juma bas." Yaani Ijumaa tu. Akaomba tena, akaahidi Ijumaa zake zote. Mpaka madamu akachoka: "Yalla, ruh, lakini isha nyumbani."

Tukakutana Mina, bandari ya zamani, penye vinyumba vilivyopakwa rangi kama peremende. Shoga yangu kavaa gauni la kitenge, mahamri kayapika alfajiri kabla madamu hajaamka. Nikamtania, "Mama Kadzo, leo utaposwa." Akanipiga kibao cha mkono. Lakini upepo wa shamali siku hiyo, wallahi, mchanga ulikuwa mpaka kwenye meno. Tukangoja. Alasiri simu yangu ikalia, ni Kadzo, kwikwi tupu. Kapteni katangaza: "Ledis end jentlemen, windi veri stron, no Doha tudei." Bandari imefungwa, meli inapitiliza Bahrain. Wageni walinuna, wakapewa aiskrimu na muziki. Na wafanyakazi je? Wafanyakazi waliambiwa wakaigawe hiyo aiskrimu.

Safari hii nilimpa habari kwa sauti yangu mwenyewe. Hakulia. Alifunga tena kitambaa cha mahamri, fundo juu ya fundo. Akasema, "Shoga, mie huyu simwoni tena. Nitakufa namsikia tu."

Ningekaa kimya naye, ingetosha. Siku nyingine natamani ningekuwa bubu.

Magharibi ikaadhiniwa nikaenda kuswali. Kurudi nampata vile vile, kanipa mgongo, kaelekea bahari. Gati tupu, hakuna hata taa ya meli. Mtu wa pwani unajua, mie najua, na yeye anajua: magharibi ukiitwa na humwoni anayekuita, huitiki. Unakaa kimya mpaka uuone uso. Na kumwita mtu kwa sauti ya mwingine wakati ule, hilo hata watoto wetu hawachezi. Lakini nilimwonea huruma. Nikasema nimchekeshe kidogo. Nikajibanza pembeni mwa nyumba moja ya waridi, nikaita.

"Mayo wee. Nishashuka, jamani."

Hakugeuka. Wala hakukaa kimya auone uso. Akaitika, "Naam mwanangu, niko hapa."

Mie nimeziba mdomo kwa mkono huu, nacheka. Niaminini, mkono ulikuwa mdomoni. Na sauti ikaja tena, kutoka upande wa bahari.

"Nakuja, mayo. Nisubiri sasa."

Na mluzi wake.

Najua mnangoja niseme alikuwa na kwato. Hakuwa na kwato. Alikuwa na viatu vyeusi vya kazi, suruali, shati jeupe, na uso ule ule wa Kadzo wa kwenye picha alizonitumia. Kilichotisha ni upepo. Upepo uliozuia meli nzima, unaonivua mie buibui, yeye haukumgusa. Kola haikutikisika. Nywele zimetulia kama za kwenye picha.

Akapita karibu nami. Akainama kidogo, kwa adabu, akasema, "Ahsante bibi kwa kuniita." Kisha akaenda kukaa ubavuni kwa mamake.

Siwezi kuwaeleza uso wa Mama Kadzo. Alimshika mashavu, alimshika masikio, kama mtu anayekagua mtoto mchanga. "Mmeletwa na kiboti?" Yule akasema, "Ee mayo, na kiboti, jamani." Akaanza kusimulia. Bahari haimtikisi. Meneja Mfilipino kanuna. Bibi wa Kizungu kamkumbatia. Nikasimama pale nikisikiliza maneno yangu, moja moja, yaliyotoka kitandani kwangu Najma jioni nikimbembeleza mjukuu. Hakuwa na jingine. Mama mtu alipomuuliza, "Mguu wa bibi yako umepona?" alicheka tu. "Na mjomba alikupa yale mahindi?" Akacheka tu. Na kicheko chenyewe, Mungu anisamehe, ni changu.

Sasa niulizeni, kwa nini sikusema? Neno moja tu, shoga, huyo si wako. Lilikuwa hapa kooni. Lakini nilimtazama Mama Kadzo, nikaona kapata alichokuja kukitafuta, nikasema moyoni, amfaidi kidogo, ana ubaya gani? Nilijiambia ni huruma. Sasa najua nusu yake ilikuwa woga, na kidogo, wallahi naona haya, kidogo ilikuwa fahari. Kwa vile alivyotoka sawasawa.

Akaaga. Akaondoka kuelekea gatini, kusikokuwa na kitu, mpaka tukaacha kumwona. Mama Kadzo akasimama akijifuta macho. "Umeona, shoga? Mungu hufanya njia." Nikasema, "Nimeona."

Usiku ule Kadzo mwenyewe akanitumia sauti. "Bibi, tuko Bahrain. Mama alilia sana?" Nikamjibu mamako hajambo. Na kweli alikuwa hajambo, hajawahi kuwa vile.

Mzunguko uliofuata bahari ilikuwa kama sahani, meli ikaingia. Nilimpigia Mama Kadzo mapema aombe ruhusa. Akasema, "Ya nini? Si nimemwona juzi?" Nikaenda mwenyewe. Kadzo akatoka getini na mfuko wa sabuni na shampuu za mamake, mrefu, mchovu, nywele zinapeperushwa na kijiupepo kidogo tu. Nilizitazama zile nywele nikataka kulia. Tukakimbilia teksi mpaka Wakrah, maana aliruhusiwa kushuka kwa saa chache tu.

Mama Kadzo akafungua mlango wa uani, mikono ina unga. Kadzo akasema, "Mayo." Sauti yenyewe, nzito kidogo, haina mluzi, haina jamani. Mamake akamtabasamia kama tunavyotabasamia mgeni. "Karibu mwanangu, pole na safari." Halafu akanigeukia mie, akanipiga kibao cha bega.

"Shoga, wewe hukomi. Huyu umemtoa wapi? Uso umepatia. Sauti hujaipata."

Kadzo akapiga magoti pale pale kwenye vigae. "Mayo, ni mie. Ni Kadzo."

"Kadzo hasemi hivyo," akamwambia kwa upole, kama hataki kumuumiza. "Kadzo nilikuwa naye Mina. Muulize huyu, alikuwepo."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema kila kitu. Nikamwambia Mama Kadzo, yule hakuwa mwanao, yule nilimwita mie, maneno yale ni yangu, kicheko ni changu. Alicheka mpaka akashika mlango. Kwani tangu anijue mie nimewahi kumwambia lolote bila mzaha? Ataujuaje ukweli, ukitoka kwenye mdomo huu?

Ndani madamu akaita kumtafuta, "Yalla, wen inti?" Mama Kadzo akapokea mfuko wa sabuni kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango. Mtoto akabaki kapiga magoti. Kwenye teksi aliniuliza jambo moja tu. "Bibi, nimebadilika kiasi hicho?"

Sasa hivi ninavyosema nanyi, madamu kamhurumia, kamrudishia Ijumaa zake. Kila Ijumaa magharibi Mama Kadzo anakwenda Mina na mahamri. Anarudi na kitambaa kitupu, kakikunja vizuri. "Kayala yote, shoga." Kanenepa, anaimba. Kunialika ananialika, siendi. Nimemweleza mchungaji wake, nimemweleza shehe wetu, kila mmoja kanitazama akangoja pale pa kuchekea. Kuiga nimeacha. Saida anauliza, "Mama, mbona umepoa?"

Na Kadzo bado yuko baharini, hajakata tamaa. Juzi kanitumia sauti, kaongea chini chini, wenzake wamelala. "Bibi, mama alinambia zamani, kabla sijapanda meli, unajua kuiga watu. Niite kama anavyoniita yeye. Mara moja tu, nipate usingizi."

Ninaweza. Ninaye mamake hapa mdomoni, mpaka kile kikohozi chake kabla ya jina. Nilishika simu, nikafungua kinywa. Nikafikiria yule mtoto kwenye kichumba chake chini ya meli, amefumba macho, tayari kuitika. Nikaiweka simu chini. Sijamjibu hadi leo, naye anadhani nimemchoka.

Basi nawe, ikiwa una mtu wako anakuja, na safari ikavunjwa, ikavunjwa tena, na moyo umekuishia, mngoje. Lia, kula mahamri yako, rudi nyumbani. Usimwige, hata kwa kumpenda, na wala usimruhusu mtu akuigie. Mahali pake paache patupu, mpaka aje mwenyewe.