Geti la Bondeni

Mwone akija jirani yetu, mtengeneza jibini, akitoka ufukwe mmoja wa kisiwa chetu cha Menorca kwenda mwingine kwa njia ya misonobari, mkongojo mkono wa kulia, wa kushoto ukipapasa mawe ya ukuta kama anayesalimia wajukuu. Mikono yake inanukia maziwa hata akitoka kuogelea baharini. Kila Jumapili tunatembea naye, na kila geti la mbao za mzeituni mwitu hulifunga mwenyewe, kisha hulitikisa kidogo, ng'ombe wa watu wasije wakapotea. Jumapili hii ilikuwa ya kwanza tangu apasuliwe goti, na alishatuapia: asipofika ufukwe wa pili kwa miguu yake, haji tena.

Tulipofika juu ya kilima tukihema, akageuka. Geti la bondeni lilikuwa wazi. Watalii tuliopishana nao walikuwa wameliacha hivyo.

"Shoga, achana nalo," mwenzetu Tonina akamwambia. "Nani kakuajiri askari wa ng'ombe?"

"Na goti hilo halina spea, dada," Biel, mwenzetu mwingine, akadakia.

"Kaeni hapo mnywe maji, wachovu nyie!" akajibu, akashuka.

Tulimwona akilifunga, akilitikisa, kisha akapanda tena huku akiimba, mikono kiunoni. Akatupita bila kusimama, akaanza kuteremka upande wa pili, kwenye maji ya buluu. Kule bondeni, mkongojo wake ulikuwa ukining'inia kwenye geti. Hebu niambie, wewe ungemkumbusha?