Nusumaisha ya Udongo wa Mrima

Harufu ya udongo mbichi ukutani hunijia hadi leo, ingawa nyumba ninayokaa sasa hapa Msambweni ni ya matofali na rangi ya kopo. Nilikulia chini ya kilima cha Mrima, upande wa kwenda Lunga Lunga, kwa bibi mzaa mama, maana mama alifanya kazi hotelini Galu na chumba chake kilikuwa kidogo mno. Kila mwaka kabla ya masika kuta za bibi zilipasuka, na kila mwaka wanawake wa kitongoji walikuja kwa mweria, ile desturi yetu ya kusaidiana kazi: mwenye nyumba hupika, majirani hukandika. Kiongozi wao alikuwa Mejumaa, shoga yake bibi tangu usichana wao, mwanamke wa sauti kubwa na utani usiokwisha. Udongo mwekundu ulichimbwa chini ya kilima, shimo moja kwa kitongoji kizima, na mimi na Mwanasiti, mjukuu wa Mejumaa, tukaukanyaga tukiwa tumeshikana mabega.

Nilipokuwa darasa la saba walikuja watu na kifaa cha kupima miale ya ardhini. Kwetu gari geni likionekana karibu na kilima, watu husema mashamba yanakwenda kwa wachimba madini, kwa hiyo milango ilifungwa na wenyewe wakajificha kwenye mihogo. Bibi hakujua kumwacha mgeni juani. “Karibuni wanangu, ingieni kivulini,” aliwaambia, akawapa madafu. Wakakisogeza kifaa ukutani, nacho kikatatarika kama bisi katika sufuria. Mmoja wao alitueleza kwa upole kwamba udongo una madini yaitwayo thoriamu, na kwamba wangependa kupima nyumba nyingine pia. Waliochungulia nje hawakuyasikia maelezo. Walisikia mlio tu. Kabla ya magharibi ilikuwa imeshaenea kwamba nyumba ya bibi ina sumu. Hasira yangu haijaisha, nisiseme uongo. Kuta zao zilitoka shimo lile lile. Kifaa kililia kwetu kwa sababu sisi ndio tuliofungua mlango.

Siku ya mweria bibi alisonga sima ya watu wengi na kupika kunde za nazi, akatandika mikeka barazani. Jua likapanda. “Mejumaa ana udhuru,” alisema. Baadaye akasema, “Watakuja baada ya adhuhuri.” Alasiri ilipoingia aliswali, akajifunga leso kiunoni, tukakandika wawili, yeye akiimba peke yake nyimbo za kuitikiwa. Mimi niliitikia, lakini sauti moja haitoshi. Nilikula mpaka tumbo likaniuma, ili sufuria isionekane imejaa.

Mwanasiti alikatazwa kuja kwetu, na shuleni akahama dawati. Nilikaa peke yangu kama mwenye upele. Nikamfuata mwalimu wa sayansi, kijana kutoka bara, nikamwuliza ni kitu gani hasa kinacholia ukutani. Alinichorea mchangani. Alisema ziko atomu zisizotulia. Hutupa kipande chake au nguvu zake, na mara nyingi hugeuka kitu kingine. Zikitupa alfa, kipande kizito, hata karatasi hukizuia, ila ni hatari kikiingia mwilini pamoja na pumzi. Beta ni nyepesi na hufika mbali zaidi, lakini bamba la aluminiamu huizuia. Gama ni miale kama mwanga, na hupenya hata ukuta. Kisha akanieleza nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomu hizo huwa zimekwisha kugeuka.

“Basi nusu ikiisha, na nusu nyingine ikiisha, ukuta utanyamaza?” niliuliza.

“Hapana, dada. Itakayoisha ni nusu ya iliyobaki, halafu nusu ya hiyo tena.” Aliongeza kwamba nusumaisha ya gesi itokayo kwenye udongo ule haifiki dakika moja, lakini ya thoriamu yenyewe ni ndefu kuliko umri wa dunia. Na hakuna awezaye kujua ni atomu ipi itakayofuata. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani nikiitazama njia, nikijiuliza ni nani kati ya majirani atakayetangulia kurudi. Hakutokea mtu.

Mama alipopata chumba kikubwa zaidi, alikuja kutuchukua sote wawili. Bibi alikataa. “Nikienda Galu, Mejumaa akija atanikuta wapi?” Nikaenda mimi, nikilia njia nzima.

Nilikuwa sekondari bibi aliposhikwa na homa akafariki. Siku ya maziko nyumba ilijaa hata pa kupitia hapakuwa. Wanawake walikaa ndani wameegemea zile kuta, wakala, wakasoma dua, na Mejumaa alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakutoka mle mpaka hitima ikasomwa. Hakuna aliyetaja sumu.

Siku hizi nafundisha fizikia. Wanafunzi wanaotoka Mrima huniuliza kama nyumba zao ni salama, nami huwaambia zipimwe, madirisha yaachwe wazi, na jirani asikimbiwe. Kisha nawachorea ubaoni ule mstari wa nusumaisha, unaoshuka bila kugusa chini. Thoriamu ya kuta zile haijapungua kwa kiasi cha kuonekana. Woga wa majirani ulipungua, ukaisha kabisa, na sasa hata Mwanasiti hunipigia simu kila Idi. Ulikuwa na maisha mafupi sana ukilinganisha na thoriamu. Lakini ulimzidi bibi yangu.