Paneli za Woodbury na Betri Isiyokuwepo

Mimi huamini kile ninachokishika. Tulipokuwa tukipanga nyumba Columbia Heights, hapa Amerika, mume wangu alituandikisha kwenye shamba la sola: paneli zimesimikwa kwenye konde la mtu huko mbali, umeme wake unaingia kwenye nyaya za wote, nasi bili yetu inapunguzwa. Nilimwomba anipeleke nikazione. Hakunipeleka. Bili ilipungua kweli, lakini kwangu huyo alibaki mbuzi kwenye gunia.

Tuliponunua nyumba Woodbury, akaja muuzaji wa paneli za paa, mwanamume mwenye tabasamu lisilochoka. Watu wa namna hiyo siwaamini. Nilikuwa zamu siku hiyo, na niliporudi nikakuta mkataba umeshatiwa sahihi. Mafundi walipomaliza kufunga, nilizunguka nyumba nzima nikitafuta betri. Kwetu Kenya, sola ni paneli, betri na taa. Mchana jua linajaza betri, usiku betri inawasha taa, na kampuni ya umeme haina habari nawe. Hapa niliona paneli juu na inveta ukutani, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa jua uwe kama wa soketi. Basi.

"Betri iko wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Mama watoto, hii si ile ya ushago, ya kule kijijini. Hii wame-connect na gridi, nyaya za kampuni ya stima. Mchana tunawauzia, usiku tunachukua kwao."

"Na stima ikipotea?"

"Stima ya Amerika ipotee iende wapi? Wewe una-suspect kila kitu!"

Mama yangu akacheka. Alikuwa akiishi nasi, na mashine ya oksijeni ilinguruma kando yake mchana kutwa. Bila mashine ile mama hapumui sawasawa. Mimi sikucheka.

Kiangazi hicho dhoruba ya alfajiri iliangusha miti na stima ikapotea mtaa mzima. Tukamhamishia mama kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba. Jua likatoka kali, paneli zikameremeta paani, na ndani hata friji haikuwaka. Mume wangu alibonyeza inveta kila mahali. Nilitazama mshale wa mtungi ukishuka, nikaogopa vibaya sana. Dada mmoja wa kanisani kwetu, anayekaa New Hope, alisema kwao stima ipo, tumlete mama. Kabla hatujaondoka nikampigia muuzaji, nikaweka spika ili mume wangu asikie mwizi wake anavyojitetea.

Hakujitetea. Alieleza polepole, kwa Kiingereza, kwamba sola iliyofungwa na gridi hujizima gridi ikizima, umeme usije ukarudi kwenye nyaya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Inayoendelea kuwaka ni ile yenye gridi na betri pamoja.

"Mbona hukutuambia?"

"Nilimwambia mumeo. Nikamuuliza kama kuna mtu humo ndani anayetegemea mashine. Akasema ni mama mkwe tu, na anarudi Kenya kabla ya theluji, kwa hiyo betri haina haja."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akiitazama inveta. Habari ya mama kurudi Kenya mimi sikuwa nimeambiwa.

Mama alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na simu ile alikuwa ameielewa neno kwa neno. Alisogeza mpira wa oksijeni puani, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, theluji huku huanza mwezi gani?"