Asali Nyepesi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwa treni kutoka upande wa Lubudi, amepakata chupa ya bia iliyojaa asali, imezibwa kwa kigunzi cha mahindi. Kwetu mtu hatazamani na mama wa mkewe wala hasemi naye, basi akaipitisha chupa kwa mke wangu, akaenda zake jikoni. Mimi nilikuwa karani wa mgodini Kolwezi, nimeketi sebuleni na wageni wawili wa kazini, suti mpya ya abakosi mwilini, najiona mtu kweli kweli.

Nikawamiminia. Asali ilikuwa nyepesi kama chai, tena chachu. Nilifedheheka, nikaona imetiwa maji kama ya wachuuzi, nikapaza sauti makusudi isikike jikoni: "Hii asali banatiamo mayi! Ata mama mukwe anajua kazi ya soko!" Wageni wakacheka hadi machozi. Asubuhi mama akaondoka, nami nikaimwaga mferejini.

Kiangazi kilichofuata tulikwenda kwao, na baba mkwe akanipeleka shambani. Ubavuni mwa kichuguu palitokeza mrija mfupi wa nta. Nyuki weusi, wadogo kuliko inzi, wakanijaa machoni na masikioni, lakini hawakuuma. Mzee akachimba mpaka mkono ukazama begani, akatoa vifuko vya nta vyenye asali isiyojaza hata kikombe. Kiota chenyewe akakiacha, akafukia polepole. Nikalamba. Ilikuwa nyepesi na chachu, ile ile.

"Asali hii njo ile mama alikuletea," akasema. "Alichimba bichuguu mingi. Bibi yako, binti yangu, alitumaka habari asema unakohoa sana."

Sikuwahi hata kumuuliza mke wangu ile asali ilikuwa ya nini. Nilitaka kumwomba mama radhi, lakini mila hainiruhusu kusema naye. Kolwezi mila hiyo hiyo haikunizuia kumtukana, maana nilijua fika hawezi kunijibu.

Tuliporudi nilikaa uani. Mama alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, na baba mkwe akatoka huko na ujumbe wake.

"Mama anauliza, kikoozi kiliisha?"

"Kiliisha, tata," nikamjibu baba mkwe. "Asali yake iliniponyesha."

Kisha nikakibana kikohozi kifuani, asikisikie.