Filamu Zangu na Kiti cha Baba Mkwe

Tangu baba mkwe ahamie kwetu, sijaitazama filamu yangu hata moja. Ninazisikia tu. Ninajua mlango umefungwa na mvua imeanza kunyesha, ninajua mtu analia, lakini uso wa anayelia siuoni. Televisheni iko sebuleni, sebuleni yuko baba mkwe, na katika ukoo nilikoolewa mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hazungumzi naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha.

Familia nyingi za hapa Kyela zimekwisha kuliacha jambo hili. Kanisani mabinti wanawapa wakwe zao mkono na hakuna anayeshtuka. Ukoo wa mume wangu haujaliacha, nami sikuolewa kwa kudanganywa, nilijua. Mama yangu mzazi alikuwa akimwona mkwewe anakuja kwenye tuta la mpunga, anashuka majini mpaka magotini na kugeuza uso hadi mzee apite. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Lakini mama yangu hakuwa na filamu.

Kazini wananicheka. Mimi ni afisa kilimo. Asubuhi niko Ngonga kuukagua mpunga, mchana niko Talatala nikiwaeleza wakulima, wengi wao wazee wa umri wa baba mkwe, namna ya kuichachusha kakao. Ninawatazama machoni na kuwakosoa. Jioni ninarudi nyumbani na kuingia kwa mlango wa jikoni.

“Wewe na digrii yako,” mwenzangu mmoja aliniambia, “unamkimbia mzee mwenye mkongojo?”

“Simkimbii. Ninampisha.”

“Umempisha sebule, umempisha na rimoti. Angalia, dada, mwisho utampisha na kitanda.”

Baba mkwe alikuja kutoka Bujonde kwa ajili ya nyonga yake, ili awe karibu na hospitali. Alipewa kiti kikubwa kinachoelekea televisheni, yaani kiti changu. Sikumwonea choyo, maana mgonjwa hukaa panapomfaa. Nilipopendekeza tununue televisheni nyingine ya chumbani, mume wangu alisema itaonekana tumemtenga mzee. Nikajaribu kutazama kwenye simu. Filamu si kitu cha kutazamwa kwenye kiganja. Ni sawa na kulitazama Ziwa Nyasa kwenye beseni.

Ninapaswa kueleza ni filamu gani ninazozililia, kwa sababu watu wakisikia mwanamke wa makamo anapenda filamu, hudhani anapenda tamthilia za wapenzi wanaofukuzana uwanja wa ndege.

Ya kwanza niliiona nikiwa mtoto, katika banda la video karibu na soko, mahali ambapo msichana hakutakiwa kuonekana. Ilikuwa ya Kihindi na haikuwa na tafsiri yoyote. Fundi cherehani mwanamke alikuwa akimshonea binti mmoja gauni la harusi. Watu bandani waligombana: huyu fundi ni nani? Ni yaya wake, ni jirani, ni mchawi! Mimi niliona tu jinsi mkono wake ulivyochelewa kuondoka begani mwa yule binti alipokuwa akimpima, nikajua ni mama yake na kwamba binti hajui. Nyumbani kwetu watoto hatukuelezwa jambo. Watu wazima walishusha sauti, basi, ukabaki na maswali yako. Siku ile nilitambua kwamba mtu anaweza kuelewa bila kuelezwa, mradi tu atazame vizuri. Sidhani kama shule ilinifunza kitu kikubwa kuliko hicho.

Ya pili ni ya hapa hapa nchini, na imetengenezwa kwa taabu. Kuna mahali kinasa sauti kinaning'inia juu ya vichwa vya waigizaji kama popo. Lakini ina tukio la msiba. Wanaume wamekaa mbele ya nyumba wakihutubiana. Nyuma ya nyumba wanawake wanaosha vyombo. Mjane anatoka ndani peke yake, anachuchumaa kati yao, anachukua sahani na kuanza kuisugua, na hakuna anayemwambia aache. Hapo ndipo nilipouona ua wa kwetu kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Nimeitafuta filamu hiyo kila duka. “Mama, ya zamani hiyo, nani anaiangalia?” wananijibu, na kunisukumia za vita.

Ya tatu ndiyo iliyoniletea matatizo. Niliiona chuoni Morogoro, ukumbini, kwenye viti vya plastiki, na rafiki akanitolea nakala niliyoitunza kuliko vyeti vyangu. Ni ya nchi ya mbali yenye milima. Mwanamke mjane anauza chumvi kando ya barabara. Amegombana na dada yake tangu ujana wao, na sababu haitajwi kamwe. Mwishoni basi linasimama mbele ya duka lake. Dada mtu yuko ndani ya basi, dirishani. Mlango wa basi unafunguliwa, kondakta anasubiri, na viti vipo. Yule mwanamke hapandi. Anaingia dukani, anatoka na kikapu cha chakula, anakiinua, dada anakipokea kwa dirisha. Basi linaondoka. Hawakusemezana neno. Nimeitazama katika vipindi vyote vya maisha yangu, na kila mara kile kikapu kimekuwa na uzito tofauti. Nilipofiwa na mama niliitazama tena na tena, kwa sababu watu wote waliokuja kunifariji walisema mno.

Baba mkwe alianza kwa filamu za vita, zile ambazo DJ anazitafsiri kwa Kiswahili huku akiongeza utani wake, hivi kwamba jenerali wa Kichina anaapa kwa jina la mama yake wa Mbagala. Nilizivumilia kutoka jikoni. Zilipoisha zote, Jumapili moja tumetoka kanisani, mume wangu akachomeka flash yangu yenye ile ya muuza chumvi.

Nilikuwa ninamenya ndizi. Nikasikia injini ya basi, kisha kandambili za yule mwanamke kwenye changarawe. Kisu kikasimama.

“Huyu DJ mbona hasemi?” baba mkwe aliuliza.

“Hii haina DJ, tata,” mume wangu akamjibu, maana ndivyo tunavyowaita baba zetu. “Ni ya mama watoto. Unasoma maandishi ya chini.”

Baba mkwe alinunua kakao miaka mingi na Kiingereza kidogo anacho. Akaanza kuyasoma maandishi kwa sauti, taratibu, na kuyageuza kwa Kinyakyusa papo hapo. Kwanza nilikereka. Kisha nikasogea karibu na pazia linalotenganisha jikoni na sebule. Mume wangu alikwisha kulala. Ninaujua mkoromo wake. Mzee alikuwa macho kabisa. “Usimfungulie huyo!” aliiambia televisheni. Baadaye: “Anajua. Dada mtu anajua, ila hasemi.” Ni mahali pale pale ambapo na mimi huwaza hivyo. Katika miaka yote ya ndoa nimekuwa nikitafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kutazama naye filamu asilale wala asiulize tunakula saa ngapi. Nilikuwa nimempata, naye alikuwa mtu pekee katika wilaya hii nisiyeruhusiwa kuzungumza naye.

Basi likasimama. Kikapu kikapita. Injini ikafifia.

“Mjinga!” baba mkwe akasema. “Angepanda. Mjinga kabisa.”

Ndizi zangu ziliungua siku ile. Chumbani nilimwambia mume wangu akamuulize baba yake ana maana gani. Akaenda, akarudi.

“Amesema nzuri.”

“Nzuri vipi?”

“Nzuri tu. Mama watoto, ni filamu.”

“Nimemsikia akisema mjinga. Nani mjinga?”

Alifikiri kidogo. “Wote.”

Wiki nzima nilitembea na hoja zangu kwenye mashamba ya watu. Nilikuwa ninashika punje za mpunga na kichwani ninajibishana na mzee. Jumapili iliyofuata, mvua ikipiga bati, nilimsikia baba mkwe akiomba ile ile ya chumvi irudiwe. Nikamwita mume wangu jikoni na kumpa maneno, nikayapanga kama mtu anayemfungashia mtoto mizigo ya safari: asingeweza kupanda, kwa sababu angepanda angelazimika kusema, na wakisema watarudi kwenye ugomvi; kile kikapu ndicho pekee alichoweza kukitoa bila kuharibu. Akayarudia mara mbili. Akaenda. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza.

“Tata, mama watoto anasema basi lilikuwa limejaa.”

“Limejaa?” Mkongojo uligonga sakafu. “Nimeviona viti vitupu kwa macho yangu! Huyo mkaza mwana ameitazama kweli filamu yake?”

Nimewahi kukosewa kwa namna nyingi, na mengi nimeyameza. Hilo sikuliweza. Niliugeuzia mlango mgongo, nikalielekea jiko, nikajitupia kanga kichwani ili nisije nikasemwa kwamba nilisahau adabu zote kwa wakati mmoja, na nikaiambia sufuria, kwa sauti ambayo hakuna sufuria inayoihitaji:

“Basi halikujaa! Viti vilikuwepo! Hakupanda kwa sababu ndani ya basi kuna maneno, na maneno yao yalikwisha kuharibika zamani. Amempa chakula. Mtu aliyekukasirikia hakupi chakula alichokipika mwenyewe. Anayetazama viti hajaitazama filamu, ametazama basi!”

Nilikuwa nimemsemesha mkwe, au karibu na kumsemesha, jambo ambalo mama yangu asingelifanya hata nyumba ikiwaka.

Baba mkwe alikohoa. “Rudisha nyuma,” akaiambia televisheni.

“Tata...” mume wangu alianza.

“Pale anapotoa kikapu. Rudisha.”

Nikasikia injini ikirudi. Ndipo nilipoelewa jinsi nilivyofungiwa nje, maana tukio lile halina neno hata moja. Lipo mikononi tu na usoni, na mimi nilikuwa ninatazama sufuria. Sikujua kama anaangalia vidole vya yule mama au bado anahesabu viti. Ningetoa mshahara kuuona uso wake, uso ambao sijawahi kuutazama. Injini ikafifia. Akairudisha tena. Ikafifia tena. Nilishika pembe ya pazia, nikaliachia.

“Hata hivyo,” baba mkwe akasema polepole, “angepanda.”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri kuliko la kwanza, lakini ujasiri wa aina ile haumjii mtu mara mbili katika mchana mmoja. Nikakipakua chakula chake. Nilikuwa na mbasa mzima, samaki wa ziwani, niliyekuwa nimempika kwa uangalifu tangu asubuhi; kichwa na mgongo ni vya mzee, kila mtu anajua. Nikamwekea mkia.

Mume wangu alikuja kuchukua sinia. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

“Mkia?”

“Mwambie hilo ndilo jibu langu.”

“Siwezi kumwambia hivyo.”

“Najua,” nikasema. “Utamwambia samaki alikuwa mdogo.”