Aliyeitikia Jina la Shida

Mimi Felisita si mtu wa mizimu, tuelewane kabisa. Ni Mkatoliki, tena katibu wa kikundi chetu cha akina mama wakulima wa pamba hapa Kasoli, na mtu akiniletea habari za vivuli huwa namwambia akanywe uji alale. Lakini haya ya Kabula niliyaandika kwa kalamu yangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Kabula ni binti wa marehemu Shida, aliyekuwa mwenyekiti wetu. Ana miaka thelathini na minne, anauza vitenge kwenye duka la mama Rehana pale Bariadi mjini, na kila Jumamosi mchana anasoma chuo, diploma ya uongozi na usimamizi wa biashara. Watu walimcheka, weee! "Jimama zima na begi la shule!" Anacheka nao, kisha huyo, darasani. Mama yake alituongoza miaka kumi na tisa kwa sauti na ukali tu. Kabula alikitaka kiti kile, ila alitaka akikalie akiwa anajua anachofanya. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Shida alifariki Desemba, wiki moja baada ya kupanda. Kikundini kwetu, mtu akifa mbegu yake ikiwa ardhini hafutwi. Jina lake linaendelea kuitwa mpaka mavuno, na mrithi ndiye anayeitikia na kulima kipande chake. Mrithi akikosa Jumamosi tatu, kipande kinakwenda kwa anayesubiri zamu, na asiye na kipande hagombei uongozi. Sheria hiyo aliitunga Shida mwenyewe, na hakuwahi kumwonea mtu huruma.

Januari Kabula alikuja vizuri. Jumamosi ya kwanza ya Februari nikaita majina kama kawaida, wenzangu wameshainama kwenye safu zao.

"Shida!"

"Nipo!" Sauti ikatoka kule mwisho wa shamba. Nikaona kwa mbali kitambaa cha njano kichwani, nikaweka tiki. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Katibu mimi natazama daftari, watu siwatazami. Hilo ndilo kosa langu.

Jumanne yake nikaenda Bariadi, nikapita dukani kumpongeza.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama, huku amepiga goti.

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Hongera bwana! Jumamosi zote tatu umefika, na palizi yako imeshinda ya kila mtu."

Akaacha kukunja kitenge. "Mayu, usinitanie. Najua nimekipoteza kipande. Jumamosi zote tatu tulikuwa na majaribio chuoni tangu asubuhi. Nilikuwa najipanga nije niwaombe radhi."

Nikamwambia aache utani. Akatoa simu, akanionyesha picha ya karatasi ya mahudhurio aliyoipiga darasani. Tarehe zile zile, saini yake, na juu yake mhuri wa chuo. Kwenye daftari langu yupo, na kwenye karatasi ya chuo yupo.

Tulipanda bodaboda mpaka Kasoli. Kipande kilikuwa kimelimwa, hakuna hata jani moja la gugu. Kabula akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya udongo. Wote tunaolima kwa mkono wa kulia udongo wetu hulalia upande mmoja. Huu ulilalia upande wa pili, kuanzia safu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwenye shoto kikundini alikuwa Shida peke yake. Na kile kitambaa cha njano, mama yangu wee, mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga nacho kichwani siku tulipomwosha kabla ya kumzika.

Nilitaka kukimbia. Kabula alibaki pale pale, machozi hana, tangu msibani hakuwa amelia.

Nikamshika bega, nikamnong'oneza, "Nyamaza. Kipande chako, kiti chako. Daftari linasema ulikuwepo na mwenye daftari ni mimi. Nani atauliza?"

Akanigeukia. "Nikinyamaza, mayu, Jumamosi ijayo nani atalima?"

Nikaondoa mkono begani kwake.

"Amelima maisha yake yote," akasema. "Hata akifa alime? Alime kwa sababu yangu?"

Jumamosi hiyo aliacha mtihani wa chuo, akaja. Alisimama kando yangu, hana jembe. Niliita majina, na safari hii niliinua kichwa.

"Shida!"

"Nipo!"

Ilitoka kwenye safu ya mwisho, na pale hapakuwa na mtu. Wanawake ishirini na wawili wakabaki wameinama hivyo hivyo, hakuna aliyegeuka. Ndipo nilipojua kwamba hata wao walikuwa wakiisikia, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa sababu zake.

Kabula akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Jamani, mimi sikuja Jumamosi tatu. Nilikuwa chuoni. Aliyelima si mimi, na kipande si changu tena. Mama, weka jembe chini. Wabeja, mama, asante. Pumzika." Kisha akanigeukia. "Mfute, mayu."

"Nikimfuta huyu, kiti unakikosa, mwanangu."

"Mfute."

Nikalikata jina. Kipande akapewa Precious, aliyekuwa anasubiri zamu. Kabula akaketi chini kwenye udongo ule, akalia kilio ambacho hakukilia msibani, na wenzangu wakaacha majembe wakaja kumzunguka. Sasa jina lake lipo kwenye orodha ya wanaosubiri, namba kumi na nne, na chuo bado anaendelea, ule mtihani ataurudia.

Jumamosi iliyofuata niliita majina kichwa juu. Nilipofika kwenye ule mstari uliokatwa nikasita, nikategea sikio. Wenzangu nao wakasimamisha majembe. Tulingoja, mimi nisiye mtu wa mizimu nikingoja kuliko wote. Kimya kabisa. Shida wangu alikuwa amekufa kweli, nami nikaangua kilio mbele yao.