Rapa wa Misiera na Safu Niliyomkosea Kwayo

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa napiga pasi shati. Mkewe alinipigia simu kutoka Misiera, kule Nakivale, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia maneno hayo kwa wengi, "Baba wa batoto ametuacha. Ni tansio, damu ilipanda. Alianguka mu nyumba, hakuamuka tena." Nikampa pole, nikauliza siku ya maziko, nikakata simu. Kisha nikamalizia mkono wa pili wa lile shati. Wasomaji wa safu hii mtanisamehe nikisema kwamba hadi sasa sijalia, wala sijui kama nitalia. Ninaandika kwa sababu kuandika ni kazi yangu, na kwa sababu kuna neno nililotakiwa kuliandika zamani akiwa hai.

Wale mliokuwa vijana hapa Mbarara miaka ileile niliyokuwa kijana mimi mtamkumbuka. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa kundi la rap lililotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yule mfupi aliyeimba amefumba macho. Alifika Nakivale na mama yake kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, vita vilipowatoa kwao. Kundi lilianzia mbele ya maduka ya Misiera, bila ala yoyote ila jerikeni tupu lililopigwa kwa viganja. Waliimba kuhusu foleni, jembe butu, baridi ya hema na karani asiyeinua uso. Wimbo uliowatangaza ulitokana na jambo lililompata mama yake. Siku moja ya kugawa chakula jina lake halikuonekana kwenye orodha, na kwa miezi kadhaa mama huyo alikwenda kila mara kusimama mbele ya meza kuthibitisha kwamba yupo. Mwanawe akatunga: "Jina ya mama imepotea mu karatasi, mama iko hapa, karatasi inakataa." Watu wa Misiera hawakuupigia makofi wimbo ule. Waliusikiliza wamesimama kimya, na ulipokwisha waliomba uanze tena.

Wimbo ukasafiri kwa kanda hadi Mbarara, na hapo ndipo hadhira ilipoanza kubadilika. Nilikuwepo Jumamosi moja mchana katika ukumbi uliojaa wanafunzi. Walijua kila neno. Kundi lilipofika kwenye mstari wa karatasi, ukumbi mzima ulichana kurasa za madaftari, ukazipunga hewani na kuruka kwa furaha. Huo ulikuwa mchezo wao, na nadhani haukuwa na ubaya wowote. Marehemu alifumbua macho, akazitazama karatasi zile, akamaliza ubeti wake. Nilimkuta baadaye nyuma ya ukumbi akinawa uso.

"Balijua maneno yote," aliniambia.

"Si ndiyo mliyotaka?"

Alijifuta uso kwa shati. "Ndiyo. Lakini beko banacheza mama yangu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda yanavyokwenda. Mmoja wao alipata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya mbali, akaondoka na familia yake. Wawili waliobaki walianza kuitwa na mashirika ya misaada kuimba kwenye mikutano ya afya. Nilikwenda Nakivale kuwatazama mara moja. Walivaa fulana safi zenye nembo, wakaimba kuhusu kunawa mikono kwa sabuni mbele ya wageni waliokaa kwenye kivuli cha turubai. Watoto waliitikia. Vijana wa rika lao walisimama pembeni wakicheka, na mmoja akamwita marehemu "Mzee Sabuni." Jina likamganda. Nilirudi Mbarara nikaandika kwenye safu hii kwamba kundi limepoteza mtaa wake, kwamba sauti iliyowahi kusema kwa niaba ya foleni sasa imekodiwa. Niliiona ni makala nzuri. Wasomaji walinipongeza barabarani, na mimi nilizipokea pongezi zile kwa raha kubwa.

Wiki mbili baadaye alikuja kunitafuta. Wakati huo nilikuwa na meza yangu ya kuandikia nyuma ya duka la vitambaa la Hajji mmoja wa hapa mjini, rafiki yangu hadi leo. Hajji aliingiza kichwa, akasema taratibu, "Ile mtu wewe naandika vibaya, iko hapa. Mimi nampa chai kwanza." Nikadhani amekuja kugombana. Alikaa, akanywa chai yake yote, akauliza, "Uliandika hatuna tena batu. Batu gani? Ba hapa Mbarara ao ba kule Misiera?"

Nikamjibu kwamba nilimaanisha watu wa mtaa, wale waliowapenda tangu mwanzo.

"Kuya Misiera siku ya tatu," akasema. "Utabaona."

Nilikwenda Jumatano hiyo, ambayo kwao ndiyo siku ya tatu. Hakunipeleka kwenye jukwaa lolote. Alinipitisha kati ya nyumba hadi uani kwake, ambapo mkewe na majirani wawili walikuwa wakichambua maharage. Jirani mmoja alimwita mwanawe ale, akammwagia maji mikononi, na huku akimwagia aliimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa sabuni, ule niliouita wa kukodiwa. Aliuimba kama mtu anavyoimba akiwa na kazi mkononi, bila kumtazama yeyote. Mke wa marehemu aliacha maharage, akaingia ndani.

Ndipo aliponiambia. "Tulikuwa na mutoto mwanamuke. Alikuwa na miaka mbili. Alikufa ju ya kuhara, siku mbili tu. Ile wimbo niliitunga kisha ya kumuzika, hakuna mutu alinituma. Ba shirika balikuya kuisikia nyuma. Jina yake sikuweka. Mu Mbarara niliona vile banafanya na jina ya mama."

Nilimwomba radhi pale pale. Alisema si kitu. Nikamwahidi kuandika sahihisho, naye akasema, "Ukipata fasi." Sikuipata nafasi hiyo. Wiki ya kwanza kulikuwa na uchaguzi wa kuandikia, wiki ya pili niliona habari imekwisha poa, na baada ya hapo niliona haya kuifufua. Tulionana mara nyingi miaka iliyofuata. Kundi lilikwisha, yeye akafungua kibanda cha kuchaji simu, na kila alipokuja mjini kununua vifaa alipitia kwa Hajji tukanywa chai. Hakuwahi kunikumbusha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichukulia kimya chake kuwa ruhusa.

Tulimzika Alhamisi. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, jua likawa kali. Binti mmoja aliyesimama karibu nami, amevaa visikizi vya simu shingoni, alimuuliza mwenzake kama ni kweli marehemu aliwahi kuwa mwanamuziki. Mwenzake akamjibu, "Si ule wimbo wa sabuni? Mama yangu anaujua." Walisema hivyo bila dharau, kama mtu anavyotaja jambo la kawaida la nyumbani. Baada ya maziko mkewe alinishika mkono, akanitambulisha kwa ndugu waliotoka mbali: "Huyu ni wa gazeti. Ni yeye aliandikaka juu ya bwana yangu." Wakanishukuru, mmoja baada ya mwingine. Niliitikia kila shukrani. Sikuhisi kitu, ila vidole vyangu vilikuwa baridi katika jua lile.

Sisi tunaoandika tunapenda kujifanya walinzi wa mtaa. Tunaamua nani bado ni wa watu na nani amewaacha, na mara nyingi watu wenyewe hatujawauliza. Nilimhukumu mtu kwa hadhira iliyomcheka, huku nami nikiandika kwa ajili ya hadhira iliyonipigia makofi. Wimbo wa karatasi ulipendwa na ukumbi mzima, na leo sijui nani bado anaukumbuka. Ule wa sabuni haukupata sifa kwa yeyote, nami nilikuwa wa kwanza kuukejeli, lakini umeingia katika nyumba za watu na kukaa humo.

Kwa hiyo sahihisho ni hili, na limechelewa: hakukodiwa, na hakuwahi kupoteza watu wake. Nilimkosea mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, nikamwomba radhi uani, mbele ya majirani wawili na sinia la maharage. Kosa la hadharani haliombewi radhi faraghani.